Nyota inayopiga sika

Swali limetoka Tanga, kwa kijana mwenye studio ndogo chumbani kwake, ambaye jioni hupiga kinanda kwenye kikundi cha taarab:

"Shikamoo mwalimu. Nimetumiwa kwenye WhatsApp sauti wanayosema ni ya sayari ya Zohali. Inalia kama watu walio ndani ya kisima. Bibi yangu aliisikia akaniamuru nizime, maana usiku, anasema, mtu hapigi miluzi. Mimi kilichonisumbua ni kingine. Shuleni tulifundishwa kwamba anga za juu hazina hewa, na pasipo hewa hakuna sauti. Sasa hii ni ya kweli au wameitunga? Na mtu akitaka kuchukua mawimbi ya redio yanayotoka huko ayafanye muziki, anaanzia wapi?"

Marahaba, mwanangu. Msalimie bibi, na umwambie sikumcheka. Mimi mwenyewe niliposikiliza rekodi hiyo mara ya kwanza, peke yangu, usiku, nilivua vipokea sauti nikageuka kutazama mlango.

Mwalimu wako alikufundisha sawa. Kati yetu na Zohali hakuna kitu cha kubeba sauti, na rekodi hiyo haikuchukuliwa na maikrofoni. Ilichukuliwa na antena. Zohali ilitoa mawimbi ya redio, antena ikayapokea, mashine ikayapima, namba zikatumwa duniani, na mwisho wa safari yote hiyo spika ya simu yako ndiyo iliyotikisa hewa ya chumbani. Sauti ilizaliwa hapo hapo Tanga.

Hata taarifa ya habari iko hivyo. Msomaji yuko studio Dar es Salaam. Sauti yake inaishia kwenye maikrofoni, inageuka umeme, unapakiwa juu ya wimbi la redio, wimbi linasafiri kimya kimya hadi kwako, redio inashusha mzigo na spika inasema. Hakuna anayeuliza kama sauti ya msomaji ni ya kweli. Ila kuna tofauti moja kubwa: studioni mtu amepakia makusudi, kwa hiyo redio yako imeundwa ikijua itapakua nini. Zohali haikupakia kitu. Kuna wimbi tu, lenye nguvu inayopanda na kushuka, na masafa yanayohamahama. Aliye upande wa huku ndiye anayeamua kipi kati ya hivyo kiwe sauti. Ndiyo maana kila ninapoletewa rekodi ya angani huwa nauliza jambo moja: kabla haijafika sikioni kwangu, nani kaamua nini?

Tuiulize hiyo yako. Mawimbi yalianza kupokewa Aprili 2002 na chombo cha Cassini, kikiwa bado kilomita milioni 374 kabla ya kufika Zohali, kwa kifaa kilichosimamiwa na Donald Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Gurnett, aliyefariki mwaka 2022, alitumia maisha yake yote kusikiliza sayari namna hii. Mawimbi hayo hutolewa na elektroni zinazojizungusha kwenye mistari ya sumaku juu ya ncha za sayari, sehemu ile ile zinapowaka taa za rangi za angani. Nguvu yake kubwa iko kati ya kilohezi 100 na 400 (kilohezi moja ni mitikisiko elfu moja kwa sekunde). Sikio la kijana huishia kilohezi 20 hivi, na langu siku hizi halifiki huko. Kwa hiyo watu wa Iowa waliyagawa masafa kwa 44. Halafu wakabana muda, dakika 27 zikawa sekunde 73.

Wewe wa studio utaona ujanja ulipo. Tepu ukiiharakisha, sauti hupanda ikawa nyembamba kama ya katuni. Hapa mwendo umeharakishwa na sauti imeshushwa kwa pamoja, kazi ambayo tepu haiwezi, kompyuta inaiweza. Jibu lako basi ni hili: ule mwendo wa kupanda na kuteremka uliomtisha bibi ni wa Zohali kweli. Unene wa kilio na urefu wake ni wa watu wa Iowa. Nao hawakuficha, waliandika yote. Tatizo ni kwamba maelezo hayasafiri na faili; kwenye WhatsApp hufika sauti peke yake, na mtu wa katikati ameshaongeza "sikiliza mpaka mwisho utalia".

Iko nyingine iliyovuma Agosti 2022, wakaiita sauti ya shimo jeusi. Hiyo hata redio si redio. Katika kundi la galaksi la Perseus kuna gesi ya moto, na ndani ya gesi hiyo darubini ya eksirei ya Chandra ilionyesha, mwaka 2003, mawimbi ya kweli ya mgandamizo. Hapo ungeweza kusema ni sauti, kwa kuwa gesi ipo. Lakini wimbi moja huchukua kama miaka milioni 10 kupita. Walihesabu wakaona ni noti ya B flati, oktava 57 chini ya C ya katikati. Kinanda chako kikiwa cha oktava tano, ungepanga vingine kumi upande wa kushoto na bado usingeifikia. Waliokuja kuitengeneza rekodi waliipandisha oktava 57 na 58 ndipo tukasikia ule mngurumo.

Halafu kuna kazi ambazo mkono wa mtu umejaa kabisa. Unachukua picha ya darubini, unaisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama mstari wa noti. Kilicho juu kiwe sauti nyembamba, kilicho chini kiwe nene, chenye mwanga zaidi kipigwe kwa nguvu zaidi. Chandra wana mradi mzima wa namna hii tangu 2020. Nyingine ni nzuri sana, lakini zisikilize ukijua kwamba angeamua kusoma kutoka juu kwenda chini ungepata wimbo mwingine kabisa. Si upuuzi lakini. Wanda Díaz-Merced wa Puerto Rico alipoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi wa fani hii. Alijifunza kugeuza namba za milipuko ya nyota kuwa sauti ili aendelee na utafiti, na kazi hiyo aliifanya pia Cape Town, Afrika Kusini. Kwake sauti ndiyo kalamu na karatasi.

Sasa tugeuke upande wa pili, penye mkono mdogo wa mtu. Na hapa bibi atafurahi, maana miluzi ipo kweli.

Radi ikipiga hutoa pia mawimbi ya redio, na sehemu yake iko kwenye masafa ambayo sikio lingeyasikia kama yangekuwa sauti, kilohezi moja hadi kumi hivi. Mengine hupenya juu, hushika mstari wa sumaku wa Dunia, hutoka nje maelfu ya kilomita na kurudi kushukia upande wa pili wa ikweta. Njiani kuna chembe za umeme zinazoyachelewesha. Masafa ya juu hupita haraka, ya chini hujikokota. Yanapofika ni mluzi unaoteremka, fiiiuuu, kwa sekunde moja au mbili. Heinrich Barkhausen, Mjerumani, aliusikia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alipokuwa akidukua simu za adui. Maelezo kamili yalikuja 1953, kwa kazi ya L. R. O. Storey wa Cambridge. Hakuna kugawa kwa 44 hapa. Waya mrefu, kikuza sauti, basi. Mwambie bibi awe na amani lakini: karibu na ikweta miluzi hiyo ni adimu, kwa sababu mistari ya sumaku huku imelala, haitoki nje mbali. Utakachopata Tanga ni mipasuko ya radi za mbali, tak, tak, na usiku mingine hulia kama vifaranga. Na radi hatuna upungufu. Ziwa Viktoria na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa zaidi duniani. Ukijaribu, nenda mbali na nguzo za umeme, la sivyo utarekodi mvumo wa hezi 50 mpaka asubuhi.

Sayari unayoweza kuipata mwenyewe ni Mshtarii. Mwaka 1955 Bernard Burke na Kenneth Franklin walikuwa wakijaribu antena zao huko Maryland, Marekani, kwenye megahezi 22.2, wakawa wanapata kelele ambayo mwanzoni waliidhania ya injini ya gari la mtu. Ikawa inakuja karibu dakika nne mapema kila siku, kama nyota zinavyochomoza. Gari halifanyi hivyo. Ikajulikana ni Mshtarii, na mwaka 1964 ikaonekana kwamba mwezi wake mmoja, Io, unaozunguka kila baada ya saa 42 na nusu, ndio unaochochea sehemu kubwa ya kelele hizo. Kwa megahezi 20.1 antena yake ni waya wa mita 7.1 uliokatwa katikati, na redio ya masafa mafupi inayofika hapo, ile ambayo babu yako alisikilizia Sauti ya Ujerumani. Tafuta nafasi isiyo na kituo, Mshtarii ikiwa juu, baada ya usiku wa manane. Siku nyingi hupati kitu. Siku ukipata, kuna aina mbili: moja huja kama mawimbi yanayovunjika ufukweni, nyingine kama bisi zinazopasuka kwenye sufuria. Redio imefanya kazi yake ya kila siku tu, kupima nguvu ya wimbi na kuipeleka kwenye spika. Wewe umechagua masafa, basi.

Lakini ungekuwa mwanafunzi wangu wa muziki, hayo yote ningeyapita haraka nikakuketisha kwenye pulsa, nyota zinazopiga kwa mdundo. Huko ndiko kwenye mali.

Mwaka 1967, nje kidogo ya Cambridge, Uingereza, kulikuwa na shamba la hekta 1.8 lililopandwa nguzo na nyaya, antena 2,048, mpaka linafanana na kiwanja cha kuanikia mwani. Jocelyn Bell, mwanafunzi wa udaktari, alishiriki kuzisimika kwa mikono yake. Kalamu ilichora nguvu ya mawimbi kwenye karatasi, karibu mita 30 za karatasi kila siku, na yeye ndiye aliyezisoma zote. Akaona kialama kidogo, si kelele ya mtu, si nyota ya kawaida. Novemba 28 wakaiendesha karatasi kwa kasi ili alama itanuke, na kalamu ikaanza kupiga: nukta, nukta, nukta, kila baada ya sekunde 1.337. Kwa mzaha waliipa jina la viumbe wadogo wa kijani. Tuzo ya Nobel ya 1974 walipewa Antony Hewish, msimamizi wake, na Martin Ryle. Bell hakumo. Hilo nalisema kila ninapopata nafasi, ingawa yeye mwenyewe hakulalamika. Mwaka 2018 alipopewa tuzo ya dola milioni 3 alizitoa zote zisomeshe wanafunzi wa fizikia wasiopata nafasi.

Pulsa ni maiti ya nyota kubwa iliyolipuka. Uzito wake unapita wa Jua, na upana wake ni kilomita 20 hivi, ungeingia kati ya Tanga na Muheza na nafasi ikabaki. Inazunguka, na mionzi yake inapepesa kama taa ya mnara inayoongoza vyombo baharini. Kila mwale ukitupitia, antena inapata pigo moja. (Pulsa zipo pia za eksirei, na ile ya Centaurus X-3, inayopiga kila sekunde 4.8, ilitambuliwa na setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Kwenye vitabu vya nyota vya dunia nzima neno hilo limo, kwa Kiswahili.)

Ona sasa kilichobaki kwa fundi kuamua: karibu hakuna. Pigo linakuja, spika inapiga. Wakati ni wa nyota. Nyota inayoitwa B0329+54 hupiga kila baada ya sekunde 0.7145, yaani midundo 83.97 kwa dakika. Ile namba mnayoiita BPM, basi, nyota imekuja nayo mkononi, na ni mwendo ambao unaweza kuweka wimbo wa taratibu bila kumsumbua mwimbaji. Tena mapigo hayalingani. Moja zito, mbili nyepesi, moja halisikiki kabisa, kama mpigaji aliye na mawazo. Na kwa sababu mawimbi hupita kwenye mawingu ya chembe angani, sauti nzima hujaa na kufifia polepole. Hakuna mashine ya midundo itakayokupa hilo.

Nyingine iko kwenye kundi la nyota liitwalo Vela, iligunduliwa Australia mwaka 1968. Vela kwa Kilatini ni matanga. Ya chombo cha baharini, si ya msiba, lakini wewe uko Tanga, nisingeweza kulipita jina hilo. Mwezi Machi, saa tatu usiku, kundi hilo liko kusini kwako, katikati ya upeo na utosi. Pulsa yenyewe huioni kwa macho. Hupiga mara 11.2 kwa sekunde, midundo 671 kwa dakika, mbio ambazo mguu hauzifuati. Zihesabu nne nne unapata 168. Zihesabu tatu tatu unapata 224, nawe unajua ni vijana gani wa Dar es Salaam wanaocheza kwenye 224. Nyota ya singeli hiyo, umbali wa miaka ya nuru kama elfu moja.

Endelea kukaza. Umewahi kumsikiliza fundi cherehani? Akianza kukanyaga unasikia tak, tak, tak. Akikaza, tak zinayeyuka zikawa mlio mmoja. Mapigo yakipita kama 20 kwa sekunde sikio huchoka kuhesabu na kuanza kusikia noti. Pulsa ya Kaa, iliyobaki baada ya mlipuko ambao Wachina waliuandika mwaka 1054, hupiga karibu mara 30 kwa sekunde. Iko pale pale mpakani, mkoromo kama wa noti ya pili au ya tatu kutoka kushoto kabisa kwenye piano kubwa.

Mwaka 1982, kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ikapatikana B1937+21. Mzunguko wake mmoja ni sekunde 0.0015578. Ni mara 641.9 kwa sekunde. Hiyo ni noti safi, na nilipoitafuta kwenye kinanda sikuipata. Kinanda kikiwa kimepimwa kwa A ya 440, E flati ya juu ni hezi 622, E yenyewe ni 659. Nyota iko katikati. Vijana wa gitaa wataniambia imetoka nje ya sauti. Nenda kamuulize mzee wa udi au wa ganuni. Katikati ya E flati na E ndipo ilipo sika, noti ya tatu ukianza maqamu (ngazi ya noti za Kiarabu) ya rasti kwenye C, noti ya pili ukianza ya bayati kwenye D. Ile inayowafanya watu wanyamaze ukumbini ikivutwa vizuri kwenye fidla. Katikati kamili, kwa hesabu ya robo toni, ni hezi 640.5, na nyota imezidi kwa senti nne tu, senti ikiwa sehemu moja ya mia ya nusu toni. Wapigaji wa Cairo na wa Istanbul wenyewe hawaiweki sika mahali pamoja, pengo lao ni kubwa kuliko hilo.

Ni bahati tupu, usije ukaniandikia kwamba nyota zinajua maqamu. Ile 440 ni makubaliano ya watu, na sekunde pia. Lakini ni bahati niliyoifurahia wiki nzima. Na pulsa hupunguza mwendo taratibu. Kwa kiwango cha sasa, hii itashuka senti nne katika miaka milioni moja hivi, ikae katikati kabisa. Darubini iliyoigundua haikungoja. Arecibo ilianguka Desemba 1, 2020.

Kuhusu kuyafanya haya muziki, mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Gérard Grisey, mtunzi wa Ufaransa. Mwaka 1985, akiwa Berkeley, mwanaastronomia Joe Silk alimsikilizisha pulsa. Ilimchukua miaka kadhaa kujua azifanyie nini. Alichoandika mwishowe, *Le Noir de l'Étoile*, kina wapigaji ngoma sita waliowazunguka wasikilizaji, na katikati ya ngoma zao zinaingia Vela na B0329+54 jinsi zilivyo. Hakuzikata, hakuzipamba. Aliziacha ziwe wageni, ngoma zikae kuzizunguka. Kwa onyesho la kwanza, Brussels mwaka 1991, mapigo ya B0329+54 yaliletwa moja kwa moja kutoka darubini ya redio ya Nançay, Ufaransa, kwa hiyo saa ya kuanza ilibidi ifuate kupita kwa nyota. Nampenda kwa hilo. Wengi wanaochukua sauti za angani huzimwagia mwangwi na nyuzi za kusikitisha mpaka husikii tena nyota, unasikia tangazo la benki.

Sasa wewe. Pulsa hutaipata kwa waya wa uani; mawimbi yake ni dhaifu mno, yanataka madishi kama yale 64 ya darubini ya redio ya MeerKAT kwenye nyika ya Karoo, Afrika Kusini. Lakini Chuo Kikuu cha Manchester, kupitia kituo chao cha Jodrell Bank, wameweka wazi rekodi za Vela, Kaa, B0329+54 na hiyo ya sika. Soma masharti kabla hujaitoa kibiashara, na taja ulikoitoa.

Jua pia kwamba rekodi za pulsa zenye kasi zimeshanyooshwa. Unakumbuka mluzi wa radi, masafa ya juu mbele, ya chini nyuma? Pigo la pulsa huvurugika hivyo hivyo njiani, kwa sababu ile ile, na lile la kasi hufika limemwagika juu ya lililotangulia. Kompyuta huyarudisha masafa yote yasimame mstari mmoja. Huo ni mkono wa mtu, nami nauhesabu kuwa halali. Ni kufuta vumbi kwenye sahani ya santuri.

Anza na B0329+54. Weka mwendo wa wimbo kwenye 83.97, usiweke 84. Ukiweka 84, mwisho wa dakika tatu nyota itakuwa imechelewa kwa sekunde 0.06, na sikio lako la dumbaki litalisikia pengo hilo. Usiivute kwenye gridi, wavute wanadamu waifuate. Usizidishe pigo dhaifu ili lilingane na zito. Na ule mvumo wa shhh nyuma ya mapigo usiufute wote. Sehemu yake ni ya mashine, ndiyo, lakini sehemu ni ya galaksi yetu; ni mvumo huo huo ambao Karl Jansky aliukamata New Jersey mwaka 1932 akitafuta kelele zinazosumbua simu, na hapo ndipo elimu yote hii ilipoanzia. Unazikumbuka chenga za televisheni kabla ya ving'amuzi? Wewe pengine ulikuwa mtoto. Kiasi kidogo cha zile chenga, kama asilimia moja, kilikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Tulikuwa tukipiga televisheni makofi ziondoke.

Ya sika usiiweke kwenye kinanda, itakugombanisha nacho wimbo mzima. Iache ilie chini chini, kwa sauti ndogo maana ni kali, na umwombe mzee wa udi afanye taksimu (upigaji wa peke yake, wa papo hapo) ya bayati juu yake, akiwa amepima nyuzi zake kwa nyota badala ya kinanda. Usimwambie kwanza ni nini. Muulize tu kama noti iko sawa.

Ukimaliza nitumie, lakini faili la WAV, usitume kama ujumbe wa sauti. WhatsApp hubana, na pigo jembamba la pulsa ndilo la kwanza kuumia. Na umsikilizishe bibi mchana.